Kumsindikiza mwenye biashara ya chakula Kalemie: mwongozo kwa mwenye kufundisha

Kabla hujapanga tarehe ya kukutana na akina mama wa ndagala, angalia mwezi. Ndagala (dagaa) wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzishwa ufukoni na nyavu hushonwa. Siku hizo chache ndizo mama anapata nafasi ya kukaa chini. Ukimwita asubuhi ya msimu wa giza, saa ambayo mitumbwi inaingia na bei inapangwa kwa kelele, atakayekuja kwako ni asiye na shughuli, na huyo siye uliyemtafuta. Wenye muhogo, mahindi na karanga wana kalenda yao. Mvua ikianza, kuelekea Oktoba, wako shambani. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndipo hukausha, husaga, huuza na husafiri.

Formasyo nyingi za Kalemie hufuata kalenda ya mradi. Tangu vita vya Batwa na Baluba vilivyopamba moto mwaka 2016 na kujaza kambi za waliokimbia kandokando ya mji, mashirika yamekuja na mafunzo ya kila namna: ukumbi, siku tatu, karatasi kubwa ukutani, soda, briveti (cheti), pesa ya usafiri. Sina ugomvi na soda. Lakini watu wamejifunza kuhudhuria. Utamkuta mtu ana briveti kadhaa za ujasiriamali ndani ya mfuko wa plastiki, na meza yake sokoni ina mafungu yaleyale ya samaki wenye mchanga.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya kazi tofauti: agronomi, mwalimu aliyestaafu, katekista, kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Kalemie, au mama ambaye biashara yake imesimama na sasa anataka kuvuta wenzake. Kazi yenyewe ni kuwasindikiza watu wachache, sita hadi kumi, msimu mzima, palepale wanapofanyia kazi.

Watu gani

Chukua wanaouza tayari, hata kama wanauza kwa hasara. Mtu aliyepoteza mtaji mara mbili na akarudi sokoni anajua mambo ambayo hutaweza kuyafundisha: nani analipa deni, kopo gani limebonyezwa kitako, siku gani wanunuzi wa kutoka ndani wanafika. Ukianza na watu wenye "wazo la biashara" utamaliza msimu mkijadili wazo.

Usiombe orodha kwa chifu peke yake. Ataandika ndugu zake, na pengine wewe ungefanya hivyohivyo. Mwone, mpe heshima yake, mweleze kazi, kisha nenda ufukoni asubuhi na kwenye mashini ya kusagia jioni, utazame nani anarudi kila juma. Katika vijiji ambamo Batwa na Baluba wanaishi pamoja baada ya yale yaliyotokea, kaa kwanza na kila upande kivyake. Kundi lililochanganywa kwa haraka ili mradi upige picha huvunjika siku ya kwanza ya kugawana pesa. Mabaraza ya amani yaliyoundwa mkoani Tanganyika baada ya vita yana wazee wanaojua nani anaweza kuketi na nani, waulize.

Namna ya kuwaita watu pia ni kazi. Hawa si "wanafunzi". Ni mama fulani, kwa jina la mtoto wake. Ni yaya kama amekupita umri kidogo. Ni bibi kama amekupita sana. Mtu aliyezaa watoto sita na kuwalisha kwa beseni moja hatakubali kuinua kidole aombe ruhusa ya kusema, na ukimlazimisha asome kwa sauti mbele ya wenzake humwoni tena.

Halafu kuna mume. Ukianza kumtembelea mke wa mtu na daftari, mume atauliza, na ana haki ya kuuliza. Msalimu siku ya kwanza, mweleze unafanya nini. Lakini hesabu ni za mama, na yeye ndiye ataamua nani azione. Zamani Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa mambo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Ofisini bado wapo wanaoliuliza. Mfundishe mama aseme hivyo kwa upole, na mwaka autaje.

Beseni moja, mpaka mwisho

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ni sawa. Mtu mzima hahitaji kuambiwa biashara ni nini. Mara nyingi anachokosa ni jibu la swali moja: beseni hili limenipa nini? Anajua alinunua kwa kiasi gani na kopo linauzwa kiasi gani. Kilichopita katikati kimeyeyuka.

Usichukue kalamu. Chukua punje za mahindi, maharage, karanga na makopo machache matupu, mkae kivulini. Punje moja ya chochote ni faranga 1,000. Tuseme (tarakimu ni za mfano tu, ninyi mtaweka zake) alinunua beseni la ndagala mbichi kwa faranga 60,000. Ahesabu punje 60 za mahindi, aziweke kwenye kopo la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Aliyembebea kutoka ufukoni, punje 2. Chumvi, 3. Jetoni (ushuru) ya soko, faranga 500 kwa siku, siku nne, punje 2. Zilizotoka ni 67. Sasa mauzo. Beseni lilipokauka lilitoa makopo 42, na kopo ni faranga 2,000. Atakuambia mara moja: "Nimepata elfu 84, faida yangu elfu 24." Usibishe. Muulize makopo 42 yalikwenda wapi, moja baada ya jingine. Makopo 35 yalilipwa taslimu: punje 70 za mahindi. Manne yalikwenda kwa deni: weka maharage 8. Matatu yalipikwa nyumbani: weka karanga 6. Kisha atoe mahindi yaliyotoka kwenye mahindi yaliyoingia. Zinabaki punje tatu.

Nyamaza hapo. Mwache azitazame, azihesabu tena kama anataka. Walimu wengi huharibu kazi dakika hii kwa kuanza kuhubiri.

Hesabu hii haisemi kwamba watoto wasile. Karanga zile sita ni mshahara wake, na ni vema azione kama mshahara. Maharage ndiyo yanayohitaji mazungumzo, kwa sababu kila harage lina jina la mtu: jirani, shangazi, mama wa kanisani. Muulize yupi kati yao atageuka mahindi kabla ya mwezi kwisha. Kumwambia aache kukopesha ni kumwambia aache kuwa na ndugu; lakini anaweza kuamua kwamba kila beseni lina makopo mawili ya deni, yakiisha yameisha, na mwenye deni la zamani haongezwi.

Kama beseni lenyewe alilichukua kwa mkopo kutoka kwa mwenye mtumbwi, uliza bei ya taslimu ilikuwa ngapi siku ileile. Tofauti ya bei hizo mbili ni riba, hata kama hakuna aliyeitaja kwa jina hilo. Iwekwe kwenye kopo lake peke yake, ionekane.

Rudieni beseni la pili, la tatu. Kwa beseni la nne hivi, wengi hutaka kuandika. Asiyejua kusoma achore: samaki, mtu mwenye mzigo, sarafu, chungu. Kumfanya mtoto aliyesoma kuwa karani wa mama yake kunaonekana rahisi, ila fikiri kwanza. Mtoto huyo atajua siri zote za nyumba, na siku atakayohitaji pesa ya kalamu atajua pia mama anayo. Na akitokea mama anayesema sasa nataka kusoma kabisa, mpeleke kwenye kituo cha kufundishia watu wazima kilicho karibu naye. Atasoma haraka, kwa kuwa tayari ana kitu cha kuandika.

Mikono kabla ya maneno

Hesabu ikishaonekana, ndipo ufundi unaingia, maana sasa mama anatafuta pa kuongeza punje. Usilete mambo kumi. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, vikundi vilisikiliza redio pamoja, vikajadili, kisha vikaenda kuchimba choo. Klabu za Dimitra za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, zimeleta mkoani kwetu mtindo unaofanana na huo. Nakushauri uibe jambo moja tu kutoka huko: mkutano usiishe kabla kila mtu hajasema kitu kimoja atakachojaribu kabla ya kuonana tena.

Kwa ndagala, kitu cha kwanza ni kuwatoa mchangani. Nchini Burundi, kwenye ziwa hilihili, FAO ilianza mwaka 2004 kuonyesha uchanja wa wavu ulioinuliwa mita moja hivi juu ya ardhi. Samaki waliokuwa wakichukua siku tatu kukauka mchangani walikauka uchanjani kwa saa nane hivi, na wakapata bei nzuri zaidi. Hewa inapita chini, kuku hawafiki, na mvua ikitishia unawafunika pale walipo. Kalemie si lazima usubiri wavu wa chuma. Miti na wavu wa kuvulia uliochakaa vinatosha kwa kuanzia. Chandarua cha mbu kisiguswe. Vingi vina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo itaingia kwenye chakula. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni na kula nyumba za ufukoni, kwa hiyo uchanja uwekwe mbali kidogo kuliko mama anavyopenda.

Msijenge uchanja wa kila mtu. Jengeni mmoja, mgawe beseni moja nusu kwa nusu, nusu uchanjani na nusu mchangani kama kawaida, muuze kwa siku moja, meza moja. Soko litafundisha. Mama asiyeamini hataaminishwa na wewe. Ataamini mnunuzi akishika kopo la kushoto na kuliacha la kulia.

Kwa unga wa muhogo, adui ni haraka. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na watu waliokula muhogo usiolowekwa vya kutosha, siku baada ya siku, bila samaki wala maharage, wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, ambao umeonekana Kongo hii. Loweka siku tatu au zaidi, mpaka mzizi uwe laini mkononi. Bei ikipanda kuna kishawishi cha kuutoa siku ya pili; jambo hili lisemwe wazi kundini, kwa kuwa anayelala njaa na anayeuza ni majirani. Kisha uanikwe juu ya turubai au uchanja. Barabara ya lami inakausha upesi, nakubali, lakini unga wake unasaga meno na mnunuzi wa unga wa bukari (ugali) anakumbuka alinunua kwa nani.

Kwa mahindi, fundisha chupa ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo, jaza mahindi mpaka theluthi, ziba, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na yataota ukungu ndani ya gunia. Ikianguka chini bila kushika, yanaweza kuhifadhiwa. Inagharimu chumvi ya kijiko, na watu huipenda sababu unaweza kumfanyia muuzaji mbele ya macho yake.

Kuhusu maji sitasema mengi, kila mtu Kalemie anajua kipindupindu kinavyorudi. Anayeuza chakula kilichopikwa asitumie maji ya ziwa bila kuyatibu, hata kuoshea sahani. Dumu lenye bomba na sabuni mezani ni tangazo la biashara, mwambie hivyo.

Siku ya kutembelea

Nenda bila kutangaza karatasi yoyote. Fika, salimu, kaa upande wa muuzaji, siyo upande wa mnunuzi, ufunge mdomo kwa saa nzima. Tazama wangapi wamesimama, wangapi wamenunua, nani ameondoka akiguna. Ukimaliza uliza tu: "Yule wa kwanza aliondoka kwa nini?" Mara nyingi ana jibu.

Ukitaka samaki, nunua, na ulipe bei kamili. Mshauri anayekula bure ni jetoni nyingine.

Yanayotoka kwenye hesabu ya mama mmoja usiyapeleke kwa mwingine kama mfano, hata bila jina. Kalemie ni mji mkubwa ila soko ni dogo. Akitaka kuwaeleza wenzake, aeleze mwenyewe. Kuna siku ataeleza, na siku hiyo wewe umepata mwalimu bora kuliko wewe: aliye hatua moja mbele ya wengine, anayenunua kwa mtumbwi uleule na kusumbuliwa na ushuru uleule. Watu hujifunza kwake upesi kwa sababu hawawezi kusema "wewe una mshahara".

Pesa ya kundi

Wengi wa watu wako wako tayari kwenye likelemba, mchango wa kupokeana kwa zamu. Usiidharau. Kwa kununua kitu kimoja kikubwa, sufuria au mabati, likelemba inafaa kuliko benki. Ubaya wake ni kwamba zamu haingoji ugonjwa. Ndiyo maana AVEC, chama cha kijiji cha kuweka na kukopa, imeshika vijijini: watu 15 hadi 25, kila mkutano mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, kitabu chake kinapigwa muhuri kwa kila hisa ili hata asiyesoma ahesabu, wanakopeshana wao kwa wao, na baada ya mwaka hivi wanagawana. Mtindo huu shirika la CARE liliuanzisha Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wasiojua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu ambao hawalali na sanduku. Kwenye kundi la mchanganyiko, mgawanyo wa funguo hizo tatu ni siasa; acha wajadiliane jioni nzima, usiwasaidie.

Tarehe ya kugawana ndiyo wanayoikosea. Makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, ni kwamba uvuvi usimame miezi mitatu kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Kwa mama wa ndagala hiyo ni miezi mitatu ya jua kali na uchanja mtupu. Kundi lake likigawana Desemba, pesa zinakwenda kwenye nguo za sikukuu. Likigawana mwanzoni mwa Mei, zinakuwa mtaji wa karanga au unga, bidhaa ambazo kiangazi ndicho msimu wake. Ulizeni Machi, mtu kwa mtu: ziwa likifungwa unauza nini, na utakinunua wapi?

Kuuza kwa pamoja, na karatasi

Kuna wakati meza ya kila mtu haitoshi. PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kwa mpango wake wa P4P ulioanza duniani mwaka 2008, ilinunua mahindi kwa wakulima wadogo wa Kabalo, mkoani kwetu. Mnunuzi wa aina hiyo anataka tani za ubora mmoja, na gunia moja bichi la mwanachama mmoja linatosha kurudisha shehena nzima. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mnunuzi mkubwa, kundi lijifunze kukataa gunia la mwenzao bila kugombana. Lifanyeni kama zoezi, chupa ya chumvi mkononi. Ni gumu kuliko linavyosikika.

Halafu usafiri. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na treni bado inafika, siku inayotaka. Hesabu ya safari iwe na siku za kungoja: chakula, mahali pa kulala, turubai, kuhonga kusikotajwa. Ndiyo, na hilo liwekewe punje zake. Mama anayejua kwamba vizuizi vya barabarani vinamla kiasi fulani kila safari anaweza kuamua kutuma mizigo ya watu watano kwa mtu mmoja. Na kila malipo yadaiwe risiti. Isipotolewa, ziandikwe tarehe na mahali.

Ushirika rasmi usiharakishwe. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za biashara za pamoja, tarehe 12 Septemba 2012, na sheria yake ya vyama vya ushirika, ya 15 Desemba 2010, inaruhusu watu watano tu kuanzisha ushirika wa aina nyepesi. Urahisi huo umezaa vyama vingi vya muhuri na rais, visivyo na gunia. Kundi likishauza pamoja mara mbili, likagawana bila kesi, ndipo karatasi ina kazi: kufungua akaunti, kusaini na mnunuzi, kusimama mbele ya mtoza ushuru kama kundi.

Msimu wa pili usiwachukue walewale wote. Chagua kati yao wawili ambao hesabu zao wanazifanya bila wewe, kila mmoja apewe watu watatu wapya wa kusindikiza, na wewe uwatembelee wao tu. Pesa yao ya mtumbwi au pikipiki itoke kwenye mfuko wa jamii wa AVEC, kama wanachama wamekubali mkutanoni. Wakikataa kulipa, uliza kwa nini kabla hujatoa mfukoni mwako. Huenda wamekuambia kitu kuhusu uliowachagua.